Ringi na upana wa tairi kwa baiskeli ya umeme ya milimani: mwongozo kamili kwa njia za Mtwara

Desemba moja nikitoka Tandahimba, mvua ya kwanza ya msimu ilinikuta kwenye kipande cha udongo wa mfinyanzi. Baiskeli yangu ilikuwa na matairi mapya ya inchi 2.8, mapana kuliko yote yaliyokubali kuingia kwenye ile fremu. Kiangazi chote yalipita vizuri. Siku ile tope likajaa kati ya tairi na fremu, gurudumu la nyuma likagoma, na kwa kuwa mota ilikuwa bado inasukuma, vikokoto vilivyonasa ndani ya tope vikaikwangua fremu mpaka alumini ikaonekana. Nilikaa pembeni ya njia nikichokonoa tope kwa kijiti cha mkorosho, nikasukuma baiskeli ya kilo 25 kwa miguu hadi kijiji kilichofuata. Kovu lile bado lipo. Nikipitisha ukucha, unazama.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao nimewaambia wenzangu wengi huku kusini: upana wa tairi huchaguliwa mwisho. Anza na njia unazopita, halafu nafasi iliyopo kwenye fremu, halafu gurudumu lenyewe, yaani ringi, spoku na habu, kile kitovu cha gurudumu. Ukimaliza hayo, upana wa tairi utabaki na majibu mawili au matatu tu, na kuchagua kati ya hayo si kazi.

Hatua ya kwanza: zijue njia zako kwa siku saba

Usiandike njia unazotamani kupita. Andika ulizopita wiki hii. Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni lami tupu, kama kilomita 10. Ukielekea Msimbati utaacha lami, utaingia kwenye udongo mgumu wenye mawimbi yanayotikisa meno, na karibu na bahari utakuta mchanga laini unaomeza tairi. Ukipanda Newala kuna mchanga wa mashamba ya mikorosho juu ya uwanda, na kingo za uwanda huo, kama pale Shimo la Mungu, zinashuka kwa ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Kwa upande wa Lindi, mwenye shughuli Nachingwea au Ruangwa anajua vumbi la kiangazi linavyogeuka utelezi mvua ikinyesha.

Gawa mwendo wako kwa makadirio. Kama zaidi ya nusu ni lami na udongo mgumu, matairi ya 2.25 hadi 2.4 yatakutosha na betri itakufikisha mbali. Kama nusu ni mchanga wa mashambani na vijia, 2.4 hadi 2.6. Mchanga wa kina wa ufukweni kila siku unahitaji baiskeli nyingine kabisa, ile yenye matairi ya inchi 4, ambayo fremu na foki yake vilitengenezwa kwa upana huo tangu kiwandani. Fremu ya kawaida ya milimani huwezi kuigeuza iwe hiyo, hata fundi awe hodari namna gani.

Nasisitiza suala la betri kwa sababu watu huligundua wakiwa wameshalipa. Tairi pana lenye upepo mdogo na kashata kubwa, vile vinundu vya mpira vinavyoshika ardhi, linaiburuza mota kwenye lami. Kwa baiskeli ya kawaida utalisikia kwenye mapaja na utalilalamikia. Kwa baiskeli ya umeme mota inakufichia, mpaka ukiwa umebakiza kilomita kadhaa kufika nyumbani na alama ya betri imeshuka chini.

Hatua ya pili: soma namba ndogo, achana na namba kubwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ubavuni mwa tairi kuna namba kubwa inayosomeka mfano 27.5 x 2.6, na karibu yake kuna namba ndogo mfano 65-584. Namba ndogo ndiyo ya kuamini. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi mahali tairi linapokalia, nacho hakina mjadala: tairi la 584 linaingia kwenye ringi ya 584 na si nyingine yoyote.

Baiskeli za milimani zina vipimo vitatu. Ile inayoitwa 26 ni 559. Ya 27.5 ni 584. Ya 29 ni 622. Sasa chukua Phoenix ya wazee wetu, ile nyeusi yenye breki za vyuma, ambayo matairi yake yanapatikana hata kwenye duka la kijijini. Inaitwa 28 na ringi yake ni 635. Maana yake ringi ya 29 ni ndogo kuliko ringi ya hiyo 28! Na kuna baiskeli za mjini kutoka Ulaya ambazo nazo zinaitwa 28 lakini ringi yake ni 622, sawasawa na 29. Hata 26 si moja: tairi la 26 x 1 3/8 linakaa kwenye ringi ya 590, haliwezi kushika ringi ya 559 ya milimani.

Niliwahi kumwagiza dereva wa basi aniletee matairi kutoka Kariakoo, nikamtajia inchi peke yake. Yakaja ya ringi tofauti, na nauli ya kuyarudisha ikawa juu yangu. Siku hizi namtumia mwenye duka picha ya namba ndogo, nikimwomba na yeye anipigie picha ya namba ndogo ya tairi alilolishika mkononi. Ndipo natuma hela.

Je, unaweza kubadili ukubwa wa gurudumu, mfano kutoka 29 kwenda 27.5? Kwa breki za diski inawezekana, kwa sababu diski iko kwenye habu na haijali ringi ni kubwa kiasi gani. Lakini piga hesabu ya kimo. Kipenyo cha gurudumu zima ni kipenyo cha ringi pamoja na urefu wa tairi mara mbili. Gurudumu la 29 lenye tairi la 2.4 lina kama milimita 744. La 27.5 lenye 2.6 lina kama 716. Baiskeli itashuka milimita 14, na kwenye vijia vyenye visiki pedali zitaanza kugonga. Ukiweka 27.5 yenye 2.8 unapata kama 726, na ukilinganisha na 29 yenye tairi la 2.2, ambayo ni kama 734, kimo kinashuka milimita 4 tu. Hilo linavumilika, mradi nafasi ipo.

Kompyuta ya baiskeli nayo inahesabu mizunguko. Ukitoka kwenye gurudumu la milimita 744 kwenda la 716 bila kubadilisha kipimo kwenye mipangilio, itaonyesha mwendo mkubwa kuliko halisi kwa karibu asilimia 4, na mota yenye kikomo cha mwendo itakuachia mapema. Tafuta sehemu ya mzingo wa gurudumu kwenye mipangilio. Kwenye baadhi ya mota hiyo sehemu inafunguliwa na fundi wa kampuni peke yake, kwa hiyo ulizia kabla ya kununua ringi.

Hatua ya tatu: pima nafasi kwa alenki

Huhitaji kalipa. Chukua alenki ya milimita 6, ile ya umbo la L. Geuza baiskeli au mwombe mtu aishike, kisha pitisha mguu wa alenki kati ya tairi na fremu kila upande, hasa pale karibu na pedali ambapo mikono ya nyuma ya fremu inakaribiana. Pitisha na juu, penye daraja la fremu. Nenda mbele, fanya vivyo hivyo kwenye foki, ukikumbuka kuangalia chini ya tao lake. Zungusha gurudumu polepole huku alenki ikiwa mahali pake, maana ringi inayoyumba inaweza kupita vizuri upande huu na kubana ikifika nusu mzunguko.

Kwa njia zetu ningependa nafasi ibaki milimita 6 kila upande baada ya kuweka tairi jipya. Fremu nyingi zinaruhusu chini ya hapo, na kiangazi hutaona shida. Masika ndiyo inayotoa hukumu.

Hesabu ya kwenda nayo dukani ni hii. Chukua nafasi uliyonayo leo upande ulio mwembamba zaidi, toa 6. Kinachobaki, zidisha mara mbili: hizo ndizo milimita unazoweza kuongeza kwenye upana wa tairi. Mfano una tairi la milimita 57 na nafasi ya milimita 9 upande wa cheni. 9 kutoa 6 ni 3, mara mbili ni 6. Tairi lako kubwa kabisa ni milimita 63, yaani karibu inchi 2.5. La 2.6 lina milimita 65 au 66, liache hata kama muuzaji anakuapia kwamba linaingia.

Ila upana uliochapwa hubadilika kulingana na ringi. Kila unapoongeza milimita 5 kwenye upana wa ndani wa ringi, tairi lilelile hutanuka kama milimita 2. Kwa hiyo anayebadili ringi na tairi kwa pamoja azihesabu zote mbili.

Hatua ya nne: upana wa ndani wa ringi

Ringi hupimwa kati ya kuta zake kwa ndani, mahali mdomo wa tairi unapoingia. Mara nyingi ringi iliyokuja na baiskeli ina kibandiko chenye namba kama 584x25 au 622x30, namba ya mwisho ndiyo upana huo.

Ringi ya milimita 25 inalibeba vizuri tairi la 2.2 hadi 2.4. Ya 30 inafaa 2.35 hadi 2.6. Ya 35 ni ya 2.6 hadi 2.8, na ukifika 40 unaingia kwenye 2.8 hadi 3.0. Tairi pana kwenye ringi nyembamba linakaa kama puto juu ya chupa. Ukikata kona linalala upande, usukani unahisi kama unaogelea, na ukipunguza upepo hali inazidi. Tairi jembamba kwenye ringi pana linakuwa bapa, kuta zake zinatoka nje na kukutana na mawe moja kwa moja. Kwa Mikindani na fukwe zote zenye matumbawe, hilo la pili ndilo baya zaidi.

Mtu akiniuliza anunue ringi ya aina gani bila kunipa maelezo mengine, namwambia milimita 30, alumini, kuta mbili. Ya 30 inamwachia uhuru wa kuweka 2.4 wakati wa mvua na 2.6 wakati wa mchanga bila kugusa spoku. Alumini, kwa sababu ikipinda fundi wa Masasi au wa Nachingwea ataikalisha na utafika nyumbani, wakati ringi ya kaboni ikipasuka safari imekwisha. Unene wa kuta mbili unaonekana ukichungulia tundu la valvu: utaona sakafu ya juu na sakafu ya chini, na uwazi katikati. Ringi ya ukuta mmoja haifai kubeba mota.

Uzito wa ringi usikusumbue sana. Gramu 150 zilizopungua hutazihisi kwenye baiskeli ya kilo 25, lakini ringi iliyobonyea utaihisi kila mzunguko.

Hatua ya tano: habu na spoku, mahali pa kuweka hela

Kwanza jua mota yako iko wapi. Kama iko katikati, kwenye pedali, gurudumu la nyuma ni gurudumu la kawaida linalopokea nguvu kupitia cheni, na unaweza kununua jingine zima. Kama mota iko ndani ya gurudumu lenyewe, basi habu ndiyo mota. Huwezi kuitupa. Utabadilisha ringi na spoku tu.

Kwa mota ya katikati, pima nafasi kati ya miguu ya fremu mahali habu inapokaa. Nyuma utakuta milimita 135 kwenye baiskeli za zamani, 142, au 148 kwenye nyingi za siku hizi. Mbele ni 100 au 110. Gurudumu la 142 kwenye fremu ya 148 halikai sawa bila vipande vya kuongezea, na usikubali fundi abane fremu kwa nguvu ili ifuate habu. Halafu tazama diski ya breki: imefungwa kwa bolti 6 au kwa pete moja yenye meno katikati? Habu mpya lazima ifanane. Na kaseti, yale meno ya giya ya nyuma: za kampuni ya Shimano za giya 8 hadi 11 nyingi hushika kwenye habu kwa mfumo wa HG, za giya 12 za milimani nyingi ni Micro Spline, na za SRAM nyingi ni XD. Piga picha ya kaseti, mpelekee muuzaji.

Ombi langu jingine ni habu ambayo sehemu inayobeba kaseti ni ya chuma. Ya alumini ni nyepesi, lakini mota ya katikati ikiungana na miguu yako kwenye mlima, meno ya kaseti yanachimba ile alumini kama kisu kwenye muhogo, na siku ya kutoa kaseti utagonga nyundo.

Spoku ndizo roho ya gurudumu. Nataka uelewe kwa nini zinakatika, maana wengi wanadhani ni kwa sababu ya uzito peke yake. Kila gurudumu linapozunguka, spoku zinazopita chini zinalegea kidogo, kisha zinakaza tena zikipanda. Spoku iliyokazwa vizuri inabaki na mkazo hata ikiwa chini. Iliyolegea inaishiwa mkazo kabisa, inatikisika, inakaza tena, maelfu ya mara kwa siku, kama unavyokata waya kwa kuukunja huku na huku. Hukatika kwenye kiwiko, pale inapoingia kwenye habu. Ndiyo maana gurudumu lililofungwa kwa haraka hukatika spoku hata chini ya mtu mwepesi.

Kwa hiyo agiza matundu 32 kwa uchache, na 36 nyuma kama unabeba mzigo. Spoku ziwe za chuma kisichoshika kutu. Vinati vyake, vile vidogo vinavyokaa kwenye ringi, viwe vya shaba nyeupe, usichukue vya alumini. Hapa tunaishi na bahari. Chumvi ikiingia kati ya alumini na chuma, kinati kinagandana na spoku, na siku ukitaka kukaza kinapasuka ndani ya spana.

Wenye mota ndani ya habu wana jambo lao. Habu yao ni pana kama sufuria ndogo, kwa hiyo spoku ni fupi na zinaingia kwenye ringi kwa kupinda. Fundi asizipishanishe mara tatu kama baiskeli ya kawaida, apishanishe mara moja tu, la sivyo zitavunjikia kwenye uzi karibu na kinati. Unene wa spoku ufuate matundu ya mota, mara nyingi geji 13 au 12, na ringi iwe na matundu yanayokubali vinati vyake. Urefu haukisiwi. Mpe fundi spoku ya zamani na ringi mpya, apime ndani ya ringi kutoka kitako cha kinati hadi kitako cha kinati cha upande wa pili. Tofauti ya milimita 2 inatosha kuharibu kazi: ikizidi ncha inatokeza na kutoboa tyubu, ikipungua uzi unashika kidogo na kinati kinachomoka.

Gurudumu likirudi kutoka kwa fundi, usilipokee kwa macho peke yake. Ligonge kwa ukucha, spoku moja moja, upande wa cheni kwanza. Zote za upande huo zitoe sauti inayokaribiana. Ukikuta moja inalia nene kama kamba ya kuanikia nguo, imelegea. Upande wa diski unaweza kuwa na sauti yake tofauti, hilo ni kawaida, ila nao ufanane wenyewe kwa wenyewe. Nilimwona fundi mmoja mzee akifanya hivyo gizani umeme ukiwa umekatika, akalinyoosha gurudumu zima kwa masikio.

Hatua ya sita: tairi, tyubu na miiba

Mbele weka tairi lenye kashata kubwa zaidi, maana likiteleza la mbele umeanguka, likiteleza la nyuma umeyumba tu. Nyuma weka lenye kashata fupi zilizokaribiana, litavuta vizuri kwenye udongo mgumu na halitaila betri. Ukitaka pana mbele na jembamba nyuma, mfano 2.6 na 2.4, ni mpango mzuri sana kwa mchanga wa mashamba ya Newala: la mbele linaelea, la nyuma linasukuma. Chagua tairi lenye kuta nene lililotengenezwa kwa baiskeli za umeme. Lina gramu nyingi zaidi, na linastahili.

Miiba yetu mikubwa ni ya mkunazi na mbigili. Mbigili ndiyo mbaya kwa sababu inalala mchangani ikisubiri. Mfumo wa tyubulesi, yaani tairi bila tyubu na dawa ya majimaji ndani, unaziba matundu hayo wakati unatembea, na unakuruhusu kushusha upepo kwenye mchanga bila kuogopa tyubu kubanwa. Kwa 2.4 au 2.6 weka kama mililita 110 kila gurudumu. Joto la huku linaikausha mapema, kwa hiyo tikisa gurudumu kila mwezi usikie kama bado inacheza ndani.

Pamoja na hayo, mtu anayeishi mbali na mjini namshauri abaki na tyubu zilizotiwa dawa, au akiwa na tyubulesi abebe tyubu moja kila safari. Jiwe la tumbawe likichana ubavu, dawa haizibi. Hapo unakata kipande cha tairi kuukuu, unakiweka ndani ya mpasuko, unaweka tyubu, unajaza upepo kidogo na kurudi taratibu.

Tazama na valvu. Ringi nyingi nzuri zina tundu la milimita 6.5 la valvu nyembamba, wakati pampu za mafundi wa bodaboda ni za valvu nene, inayohitaji tundu la milimita 8.5. Kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachogeuza nyembamba kuwa nene ni kidogo kuliko punje ya korosho. Kifunge kwenye ufunguo wa baiskeli kisipotee.

Hatua ya saba: kufunga

Zima umeme, toa betri. Kwa mota ya habu chomoa waya kwanza, na zikumbuke zile washa zenye jino, zirudi kama zilivyokuwa, la sivyo ekseli itajizungusha na kukata waya. Futa ringi, kagua utepe unaofunika vinati kwa kidole, mwiba wowote utausikia. Angalia mshale wa mwelekeo ubavuni mwa tairi.

Ingiza upande mmoja wa tairi, tia tyubu upepo kidogo ishike umbo, ipange. Upande wa pili uanzie mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, huku ukiusukuma mdomo wa tairi uangukie kwenye bonde la katikati ya ringi. Ukifanya hivyo vidole vinatosha. Povu la sabuni linasaidia. Sukuma valvu juu kidogo ili tyubu isibanwe, jaza, kisha tazama ule mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na ringi. Uwe na umbali sawa mzunguko mzima. Mahali ulipozama, toa upepo, paka sabuni, rudia.

Hatua ya nane: upepo

Kwa mtu wa kilo 80 kwenye baiskeli ya kilo 25, tairi la 2.4 lenye tyubu, mimi huanza na psi 26 mbele na 30 nyuma. Nikibeba mzigo na njia ni lami, nyuma inapanda 35. Kwa 2.6 napunguza 3 au 4. Tyubulesi inaruhusu kushuka tena 4 hivi. Kabla ya mchanga wa Msimbati nashusha hadi 18, ila hapo nakwepa mawe, maana tyubu ikibanwa kati ya jiwe na ringi inatoboka matundu mawili kama alama ya jino la nyoka. Nikirudi kwenye lami najaza tena. Pampu ya mkono yenye saa ni ya lazima. Kidole hakijui tofauti ya 20 na 28.

Ukiwa umekaa juu ya baiskeli, tairi la nyuma la 2.4 libonyee karibu sentimita moja. Likibaki gumu kama jiwe, mgongo wako ndio unafanya kazi ya shokapu.

Ukitoka ufukweni, mwagia magurudumu maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, bila kuelekeza nguvu ya maji kwenye habu, kisha tone la oili kwenye kila kinati.

Baada ya kilomita 80 za kwanza zirudie spoku zote kwa ukucha, kwa kuwa gurudumu jipya hujikalisha na baadhi hulegea. Tairi jipya nalo hutanuka milimita moja au zaidi katika wiki za mwanzo. Pitisha tena ile alenki ya milimita 6, kabla ya mvua za Desemba, na ikigoma upande wa cheni, vua hilo tairi ulihamishie mbele.